Kulea watoto uhamishoni bila kupoteza kwenu: tulivyofanya sisi hapa Tanga na tulivyokosea

Naandika haya kwa watu waliokimbia nchi zao kwa sababu ya siasa na sasa wanalea watoto kwenye nchi ya watu, iwe umetoka Burundi au Kongo uko huku kwetu, iwe wewe ni Mtanzania uko Ulaya au Canada na hujui utarudi lini. Mimi ni mtoto wa mtu wa namna hiyo. Baba yangu alikuwa Mmakonde wa upande wa Mueda, Msumbiji, alivuka Ruvuma akiwa kijana mdogo baada ya yale mauaji ya tarehe 16 Juni 1960, Wareno walipowamiminia risasi watu waliokusanyika kusikiliza viongozi wao wakiongea na serikali, akaja kufika mpaka Tanga, akaandikishwa kukata mkonge, akaoa Mdigo ambaye ndo mama yangu, akaishi hapa hapa mpaka tukamzika 2016.

Kuna mambo yeye na wenzie walifanya yakatufanya sisi watoto tujue tumetoka wapi, na kuna mambo waliyaacha yakatugharimu mpaka leo. Nitayasema yote. Kubwa nililojifunza ni kwamba kwenu kunatunzwa kwa ratiba. Majonzi peke yake hayafundishi mtoto kitu, mtoto anakua anaona tu baba kakaa barazani kanyamaza, anajua baba ana huzuni lakini huzuni ya nini hajui, na akifika miaka kumi na tano hataki hata kuuliza.

Kalenda kwanza

Baba alikuwa na kalenda ya ukutani, zile za kupewa dukani mwisho wa mwaka, na kila Januari kitu cha kwanza anachukua kalamu nyekundu anazungushia tarehe tano. Tarehe 3 Februari, siku aliyouawa Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, mwaka 1969 pale Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi cha kitabu. Tarehe 7 Aprili, siku aliyofariki Josina Machel, mwanamke mpigania uhuru wa Frelimo, mwaka 1971, naye Dar, ambayo kwao ndo siku ya wanawake. Tarehe 16 Juni, ya Mueda. Tarehe 25 Juni, ambayo ina mambo mawili, Frelimo iliundwa siku hiyo mwaka 1962 Dar es Salaam, na Msumbiji ikapata uhuru siku hiyo hiyo mwaka 1975. Na tarehe 25 Septemba, siku vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964.

Mi hizo tarehe nilizijua kabla sijajua jedwali la kuzidisha, na sio kwamba baba alitukalisha kutufundisha, ila kila moja ilikuwa na kitu chake kinachofanyika nyumbani. Tarehe 3 Februari redio haiwashwi na tunakula mara moja tu, jioni. Tarehe 7 Aprili baba ndo anapika, mama anakaa kwenye mkeka, na kwa mtaa wetu wa Ngamiani miaka ile mwanaume kupika mbele za watu lilikuwa jambo, majirani wanapita wanauliza, na mama anajibu "leo sikukuu ya kina mama kwao baba watoto", kwa hiyo hata mtaa mzima ulijua. Tarehe 25 Juni ndo sherehe yenyewe, wazee wanatoka makambi ya mkonge kule Muheza na Pongwe, wanakuja na familia, ngoma inalia mpaka usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chagueni tarehe nne au tano, zisizidi, maana zikiwa nyingi zitawachosha na mtaanza kuziruka moja moja mpaka zife zote. Kila tarehe ipeni kitendo kimoja ambacho hakifanyiki siku nyingine yoyote. Kitendo kiwe cha bei rahisi kabisa, kisitegemee ukumbi wala mchango mkubwa, maana mkimbizi leo ana hela kesho hana na sikukuu ikitegemea hela itakufa mwaka wa kwanza wa shida. Halafu kila mtoto apewe kazi, hata wa miaka minne, huyu anagawa vikombe, yule anasoma majina ya waliokufa, mwingine anashika bendera, kwa sababu mtoto aliyekaa tu kuangalia atakuja kukumbuka kwamba wazee walikuwa wanapiga kelele basi. Mi kazi yangu ilikuwa kusema kwa sauti mwaka wa kila tukio. Leo nina miaka arobaini na zaidi, na nimekuandikia miaka yote hiyo hapo juu bila kuangalia popote.

Kama mko nchi ambayo siku hiyo ni ya kazi na shule, sherehe wekeni Jumamosi inayofuata lakini siku yenyewe msiipitishe kimya, asubuhi kabla watu hawajatoka mlangoni semeni neno, dakika moja inatosha.

Lugha, na hapa ndo tulipokosea

Baba hakutufundisha Kimakonde. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu alikuwa baba mzuri. Mama alikuwa anaongea nasi Kidigo na Kiswahili, mtaani Kiswahili, shule Kiswahili, na yeye akirudi amechoka anaongea kinachoeleweka haraka. Kimakonde alikitumia kwa mambo mawili tu, kutukaripia, na kuongea na wenzie mambo ambayo hataki tuyasikie. Sasa fikiria mtoto, lugha ya baba yake anaisikia pale tu anapogombezwa au anapofichwa kitu, ataipendaje?

Mwaka 2012 nikaenda Mueda kwa mara ya kwanza, nikapitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, baba alikuwa hawezi tena safari. Shangazi yangu, dada yake baba, alinipokea kwa Kiswahili maana kule kaskazini wengi wanakijua, nikafurahi nikajua mambo ni mepesi. Siku ya pili akanipeleka kaburini kwa babu. Akachuchumaa, akafungua fundo la kanga yake, akatoa unga wa mtama, akawa anaumwaga kidogo kidogo kwa vidole vitatu huku anaongea. Aliongea kwa muda mrefu, kuna mahali watu wakacheka, kuna mahali kaka mmoja akajifuta macho, jina la baba nikalisikia mara tatu na langu mara moja. Alipomaliza nikamuuliza, "Shangazi, umewaambia nini?" Akanishika mkono akasema, "Nimewaambia umefika, mwanangu." Basi. Maneno yote yale mimi nikapata sentensi moja. Shangazi naye ameshafariki, na kilichosemwa kuhusu mimi mbele ya babu yangu sitakijua tena.

Ndo maana nasema lugha usiiachie bahati. Kiswahili au Kiingereza au Kifaransa cha huko uliko watoto watakiokota barabarani bila msaada wako, ya kwenu ni wewe tu unayo. Kinachofanya kazi ni kuipa lugha mahali pake na saa yake, kwa mfano jikoni hakuna lugha nyingine, au kuanzia magharibi mpaka watu wanalala. Mzazi mmoja akishikilia inatosha, hata mwenzie akiwa ni mtu wa taifa lingine kama ilivyokuwa kwetu. Anza na maneno ya mwilini na ya chakula, ya kuamkia, ya kuhesabu, ya kuomba dua, ya kubembeleza mtoto, yale ya siasa yatakuja yenyewe. Itumie lugha kwenye raha, kwenye hadithi na utani na kusifia, na ukitaka kugombeza gombeza kwa lugha ya mtaani. Na mtoto akitamka vibaya usimcheke, wala usiruhusu wageni wamcheke, maana watu wazima wanaona ni utani ila mtoto akichekwa mara mbili anafunga mdomo moja kwa moja. Nimeliona kwa wapwa zangu.

Swali linakuja, kama nchi yenu ina makabila mengi mnashika lugha ipi? Frelimo walikutana na tatizo hilo hilo wakiwa hapa kwetu, mtu anatoka Mueda anaongea Kimakonde, mwingine Mmakua, mwingine Mnyanja, mwingine Mshangana wa kusini kabisa, wakaamua shuleni wafundishe kwa Kireno ingawa ndo lugha ya yule yule waliyekuwa wanapigana naye, kwa sababu ndo pekee iliyowakutanisha wote. Baba alisema alivuka Ruvuma akiwa Mmakonde, Umsumbiji aliukuta huku. Wengi ni hivyo, mpaka mtu aondoke kwao ndo anakutana na mwananchi mwenzie wa kona nyingine ya nchi na kugundua wana kitu kimoja. Kwa hiyo nyumbani shika ya ukoo wako, kwenye mkusanyiko shikeni ya nchi nzima, na msiruhusu kabila moja ligeuze mkusanyiko kuwa wake.

Kama unaona lugha haiwezi kudumu ugenini, njoo mkoa wetu huu huu wa Tanga, nenda Handeni kule Chogo. Kuna Wazigua ambao mababu zao walitolewa pwani hii karne ya 19 wakapelekwa Somalia utumwani, wakatoroka wakajikusanya kandokando ya mto Juba, na wenyewe wanasimulia kwamba aliyewaongoza kutoka utumwani alikuwa mwanamke aitwaye Wanankhucha. Wakakaa huko zaidi ya miaka mia. Vita ya Somalia ilipolipuka mwaka 1991 wakakimbia, wengine wakaja Tanzania, na walipofika Handeni wakaongea Kizigua na wenyeji wakaelewana. Vizazi vyote hivyo bila kitabu, bila shule ya lugha, ni majumbani tu na hadithi ya walikotoka. Baadaye serikali ikawapa uraia. Mi nikiwafikiria wale watu nakosa kisingizio.

Chakula

Hapa sina mengi kwa sababu chakula hakihitaji kuhimizwa, kila mkimbizi anakikumbuka. Ila kuna jambo moja. Usisubiri upate viungo vyote sawasawa na vya kwenu. Baba alikuwa na mboga yao ya kisamvu na karanga, mama akiitwanga kwenye kinu hana presha, majani mpaka yanakuwa laini kama uji, halafu karanga zilizotwangwa, na kwa sababu ni Tanga anatia tui zito la nazi na kamba wakavu kutoka Deep Sea, pale wanapouza samaki, inachemka moto mdogo mpaka mafuta yanaelea juu. Baba anachovya kidole, anafumba macho, anasema "bado chumvi" hata kama chumvi imekolea, maana alitaka tu kuonja tena. Inaliwa na bada, ugali wetu Wadigo wa unga wa muhogo, na kumbe kwao nako ugali wa muhogo ndo chakula. Kile chakula kilikuwa cha Mueda na cha Tanga kwa pamoja na hakuna aliyeona kimeharibika. Mpe mtoto kinu ashike mwenyewe, na jina la chakula litamkwe kwa lugha ya kwenu, basi.

Chama na nchi ni vitu viwili

Hili ndo nililoliona likivunja watu kuliko njaa. Watu waliokimbia kwa sababu ya siasa wanakuja na siasa zao, na huku ugenini ambako hakuna polisi wa kuwatawanya, wanatawanyana wenyewe.

Wamakonde wa huku walikuwa na umoja mapema kuliko wengi. Vyama vya wafanyakazi wa Kimakonde wa Tanganyika, Kenya na Zanzibar, wale wa mashamba ya mkonge na bandarini, ndo vilizaa chama cha MANU, na MANU ikaungana na vyama vingine viwili, UDENAMO na UNAMI, kuwa Frelimo. Lakini mwaka 1968 mambo yakachafuka, shule ya Frelimo pale Dar ikapata vurugu kubwa mpaka ikafungwa, baadaye ndo sekondari yao ikaanza upya Bagamoyo. Mwaka 1969 Lazaro Nkavandame, ambaye Wamakonde wengi walikuwa wanamsikiliza, akajitenga na Frelimo akajisalimisha kwa Wareno. Sasa hilo lilitokea mbali huko lakini likaingia mpaka kambini kwenye mkonge Tanga. Baba na rafiki yake waliyevuka naye mto kwenye mtumbwi mmoja, waliofanya kazi kwenye korona moja, ile mashine ya kuchakata mkonge, wakaacha kusalimiana kwa sababu mmoja alimtetea Nkavandame. Sio mwaka mmoja, walikaa hivyo mpaka 1983, mke wa yule mzee alipofiwa na mtoto. Baba alikwenda msibani, hakusema neno, akachukua jembe akaungana na wanaochimba kaburi. Yule mzee alikuja kukaa karibu naye jioni, akamwambia "umenizikia", wakalia wote wawili. Hayo nilihadithiwa na mama, mi nilikuwa mdogo sana. Lakini hesabu watoto wa nyumba mbili hizo walivyopoteza, miaka kumi na minne hawakuchanganyika, wale wa kule walikuwa wanajua Kimakonde vizuri na sisi hatujui.

Kwa hiyo wekeni sheria mapema kabla ya ugomvi. Mikutano ya chama iwe na siku yake na mahali pake, na siku za nchi, misiba, harusi na sherehe za watoto zisiwe na fulana ya chama wala picha ya kiongozi aliye hai. Bendera ya nchi itoshe, na kama hata bendera ina ugomvi, maana kuna nchi serikali ikibadilika na bendera inabadilika, acheni bendera mshike wimbo au ngoma. Mfuko wa rambirambi usiulize mtu yuko upande gani. Na aliyekosana na chama asitengwe na watoto wake, hiyo naomba sana.

Usalama na makaratasi

Nimemtaja Mondlane na kifurushi. Aliuawa akiwa uhamishoni, kwenye nchi rafiki, mchana. Kwa hiyo usidhani ukivuka mpaka umemaliza. Mnapokusanyika kwa ajili ya sikukuu zenu msiposti sura za watu, hasa wageni wapya, kwa sababu yule uliyemposti yuko salama lakini mama yake bado yuko kule. Piga picha ya chakula, ya mikono ikipiga ngoma, ya watoto kwa nyuma. Grupu la wasapu la familia liwe mbali na grupu la siasa kabisa, na asiingizwe mtu ambaye hakuna hata mmoja anayemjua ana kwa ana.

Jingine ambalo watu wengi wanaliharibu kwa nia njema. Kama umepewa hadhi ya ukimbizi, chini ya mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 mtu anayerudi kwa hiari yake kuomba ulinzi wa nchi aliyoikimbia, mfano kwenda ubalozini kuchukua pasipoti mpya, anaweza kuonekana hahitaji tena ulinzi na hadhi ikaondoka. Najua mtu anataka mwanae awe na karatasi ya kwao, nalielewa sana, lakini kabla hujakanyaga ubalozini ongea na mwanasheria au shirika linalokuhudumia. Na ukichukua uraia wa nchi mpya uliza kwanza kuhusu uraia pacha, Tanzania kwa mfano hairuhusu kwa mtu mzima. Baba aliumia na hilo, lakini aliniambia karatasi ya serikali inasema nani anakulinda, haisemi mama yako alikuwa nani.

Vile ulivyokuja navyo vitunze kwa nguvu zote, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, cheti cha shule, picha moja ya nyumba. Skani, weka nakala kwenye barua pepe yako na kwa ndugu mmoja aliye nchi nyingine. Sisi kadi ya baba ya Frelimo ililiwa na mchwa ndani ya sanduku la bati, tulibaki na kona moja yenye nusu ya muhuri.

Wenyeji

Kuna watu wanaogopa kwamba wakizoeana na wenyeji watapotea. Mi nimezaliwa kwenye ndoa ya hao wawili kwa hiyo siwezi kukubali. Baba alikuwa kwenye mfuko wa mazishi wa mtaa, alijua kuomba radhi kwa Kidigo, alishangilia Coastal Union mpaka sauti ikakauka, na hakuna siku aliacha kuwa Mmakonde. Wenyeji walimheshimu zaidi kwa sababu alijua kwao. Waalikeni siku zenu kubwa, waelezeeni, wapeni chakula kwanza halafu historia. Tarehe 25 Juni nyumbani kwetu nusu ya waliokuwa wanacheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, uani walikuwa majirani wa barabara ya kumi na mbili ambao hawajawahi kufika hata Mtwara. Watoto wa kwetu walipoona watoto wa mtaa wanaitaka ngoma yetu, wakaanza kuiona ni kitu cha thamani. Hilo huwezi kulipata mkijifungia.

Kaeni kama mnaorudi

Wasauzi wa ANC walipewa eneo Mazimbu, Morogoro, mwaka 1977, lilikuwa shamba la mkonge lililokufa, wakajenga shule wakaiita jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Walikuwa na madarasa, shamba, hospitali ndogo, watoto walizaliwa pale. Na walichosomesha kilikuwa cha kwenda kuendesha nchi ambayo bado ilikuwa haijapatikana. Mwaka 1992 walipoondoka wakayakabidhi majengo kwa Tanzania, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Hiyo ndo maana ya kujiandaa. Ukiwa uhamishoni jifunze kazi ambayo kwenu itahitajika, somesha binti yako unesi au umeme au sheria huku unamwambia wazi inahitajika wapi. Oscar Kambona wa kwetu, aliyekuwa waziri wa Nyerere, aliondoka mwaka 1967 akarudi 1992, miaka ishirini na tano, huwezi kujua mlango utafunguka lini.

Na wengine haturudi. Baba hakurudi, uhuru ulipokuja 1975 mama alikuwa na mtoto mchanga, halafu vita ya ndani ikaanza 1977 ikaenda mpaka 1992, mwisho akawa mzee. Kwa hiyo makaburi nayo yana kazi. Mondlane alizikwa Kinondoni kabla mabaki yake hayajapelekwa Maputo, makaburi ya Mazimbu yanatunzwa mpaka leo, na wale Wapolandi waliokaa Tengeru wakati wa Vita vya Pili, kama elfu 5, makaburi yao yapo Arusha na majina yanasomeka. Andikeni jina kamili, kijiji alichotoka na tarehe, kwa simenti, sio kwa rangi. Msimzike mtu wenu kama asiye na kwao.

Kurekodi, na hili lifanyike wiki hii

Chukua simu yako, kaa na mzee, mwache anywe chai kwanza. Usimwambie "nisimulie historia", atakupa hotuba. Muulize alivaa nini siku anaondoka, nani alimfungia mzigo, walipita njia ipi, walilala wapi, nani alibaki nyuma, mtumbwi ulikuwa wa nani, alilipa nini. Muulize wimbo aliokuwa anaimbiwa na mama yake. Muulize kwa lugha yake kama unaijua, na kama huijui mwache ajibu kwa lugha yake hata kama huelewi, yupo atakayekuja kutafsiri, na hata asipokuwepo sauti itakuwepo.

Mi nina rekodi moja tu ya baba, dakika kumi na moja, nilirekodi Januari 2016 kwa simu ya mdogo wangu. Birika linachemka nyuma, jogoo wa jirani anawika, baba anakohoa. Anataja njia, kijiji kwa kijiji, kutoka nyumbani kwao mpaka mtoni, kisha Newala, na kila akitaja jina anagonga meza kwa kidole. Dakika ya tisa anaanza kuongea Kimakonde, nadhani alisahau kama anaongea na mimi. Nimeituma kwa binamu yangu aliyekimbia Cabo Delgado, mkoa ule wa Mueda, baada ya mashambulizi ya 2017 na sasa yuko Mtwara, ananiandikia tafsiri kidogo kidogo, sentensi mbili tatu kwa wiki akipata bando. Mwanangu wa kwanza ana miaka tisa, yeye ndo anaziandika kwenye daftari, Kimakonde upande wa kushoto na Kiswahili kulia, na jana usiku amenisomea ukurasa wa tatu.